Kichwa cha Skwiza Kiinamie Kioo

SWALI: Mzee wetu wa safu ya mafundi, salamu kutoka Jinja. Mimi na wenzangu wawili tunasafisha vioo vya majengo. Tumepata kazi kwenye jengo la ghorofa tatu: chini kuna madirisha ya chuma ya zamani yenye vioo vidogo vidogo, juu kuna vioo vipana vya fremu za alumini. Mwenye jengo hataki kuona ngazi kabisa, kwa hiyo tulinunua mpini wa wapaka rangi, ule unaorefushwa, tukaufunga skwiza ya kawaida, kile kifutio cha mpira cha kuondoa maji kwenye kioo, kwa waya. Madirisha ya chini yanatoka safi. Ya juu yanabaki na maji, yana michirizi miwili pembeni na ukanda mchafu chini ya fremu. Tukikandamiza zaidi, mpini unapinda. Tumebadilisha mpira zaidi ya mara moja na hali ni ileile. Tununue mpira wa aina gani? — Msomaji, Walukuba.

JIBU: Ndugu yangu, usinunue mpira mwingine kwa sasa. Huo ulio nao huenda ni mzima kabisa, na ushahidi umeuandika mwenyewe: chini unafuta, juu haufuti. Mpira ni uleule na maji ni yaleyale. Kinachobadilika unapopanda juu ni pembe ya mpira na kioo, na hiyo ndiyo ya kurekebisha.

Ukifuta kwa mkono, kifundo cha mkono kinajipinda chenyewe. Mpira unakutana na kioo kwa mshazari wa nyuzi 30 hadi 45 hivi, ncha yake inasukuma maji mbele, na wewe hufikirii lolote. Mpini mrefu hauna kifundo. Simama mita 1 kutoka ukutani, inua skwiza hadi mita 5 juu ya mikono yako, uone: mpini na ukuta vinakaribia kulala pamoja, pembe kati yao ni nyuzi 11 tu. Mpira unalala ubavu juu ya kioo, maji yanapita chini yake, na wakati mwingine hata bati la skwiza linagusa kioo. Rudi nyuma hadi mita 3, pembe inafika nyuzi 31 na skwiza ileile itaanza kufuta. Fanya jaribio hilo kesho kabla ya kutoa hata shilingi. Kama uwanja ungekuwa mpana kila mahali, jibu langu lingeishia hapo. Lakini najua majengo yetu: nyuma kuna ukuta wa jirani, mbele kuna boda boda na meza ya mwenye chapati, na mita 3 za kurudi nyuma hupati.

Basi mpini utengenezee kifundo. Skwiza hii ya mpira mmoja tunayotumia leo inatokana na kazi ya Ettore Steccone, Mwitaliano aliyehamia Oakland huko California, aliyepata hataza yake mwaka 1936. Kabla yake wasafishaji wa Marekani walitumia chombo kizito cha chuma chenye mipira miwili na skrubu nyingi. Steccone alikifanya chepesi, cha shaba, cha kushikwa kwa mkono mmoja. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya mkono hakitafanya kazi juu ya mti mrefu bila kubadilishwa, na wakubwa wa biashara hii wanalijua hilo. Unger wa Ujerumani wana vishikio vinavyopinda shingoni, Moerman wa Ubelgiji wanavyo, Wagtail wa Australia wametengeneza kichwa kinachozunguka chenyewe unapovuta. Ukikutana na kimoja cha hivyo Kampala na mfuko ukaruhusu, kinunue. Usiporuhusu, shingo unaweza kuitengeneza nyumbani, na nimewafundisha vijana wengi kufanya hivyo.

Chukua bomba la maji la plastiki ngumu, la inchi robo tatu, lenye ukuta mnene. Lile jembamba la kupitishia nyaya za umeme halifai, litayumba. Kata kipande cha shubiri moja na nusu. Ziba upande mmoja kwa kitambaa, jaza mchanga mkavu, ushindilie, kisha ziba upande wa pili. Mchanga ndio unaozuia bomba kubonyea linapopindwa. Washa sigiri nje ya nyumba, acha mkaa uwe makaa yasiyo na ulimi wa moto, kisha zungusha katikati ya bomba juu yake polepole bila kuligusisha. Likianza kulegea, lilaze kwenye ubao uliouchora pembe unayotaka, lishikilie, na ulipoze kwa kitambaa chenye maji. Ukiona moshi au rangi ikigeuka kahawia, umezidisha: ondoa mara moja. Plastiki hiyo ikiungua hutoa hewa yenye asidi inayochoma macho na koo, ndiyo maana nasema nje ya nyumba, na watoto wakae mbali.

Pembe gani? Kwa ghorofa mbili tatu, nyuzi 25 zinatosha. Piga hesabu nami: ukisimama mita 1 na nusu kutoka ukutani na kichwa kiko mita 5 juu ya mikono, mpini unakupa nyuzi kama 17. Ongeza 25 za shingo, unapata 42. Hapo mpira unafuta. Pinda lielekee kioo, yaani kichwa kiinamie dirisha. Kuna kijana mmoja wa Mbale aliniletea shingo nzuri sana aliyoifunga kinyume, imeinamia mgongo wake, na alikuwa akilaumu mpira kama wewe.

Ndani ya ncha zote mbili za bomba ingiza kabari ya mti mgumu. Mvule ni mzuri, mpini wa jembe uliovunjika ni mzuri zaidi kwa sababu tayari umekauka. Kabari ya juu ichonge iwe nyembamba mbele, iingie kwenye tundu la kishikio cha skwiza kwa kubana. Kisha toboa kishikio na kabari pamoja, upitishe boliti nyembamba yenye nati. Upande wa mpini weka boliti mbili, moja juu ya nyingine, la sivyo shingo itazunguka na kichwa kitaangalia barabarani. Waya uliofungia uondoe leo. Skwiza ya shaba ikichomoka ghorofa ya tatu inaanguka juu ya kichwa cha mtu, na mwenye jengo aliyewakataza ngazi atakuwa na haki ya kuwafukuza. Hata baada ya boliti, funga kamba fupi kutoka kwenye kichwa hadi kwenye mpini.

Wapo watakaokuambia uende Katwe, ule mtaa wa mafundi chuma wa Kampala, wakuchomelee shingo ya chuma yenye bawaba na nati ya masikio, uweze kubadilisha pembe upendavyo. Ni chombo kizuri, na mafundi wa Katwe wanaiweza vizuri. Ninachokuomba ni kimoja: pima uzito kabla ya kukubali kazi. Kilicho mwishoni mwa mpini wa mita 5 mikono inakihisi kuliko uzito wake halisi, na ifikapo saa nane mchana mabega yako yatakuambia. Kama utakwenda na bawaba, weka kipande cha tyubu ya baiskeli kati ya vile vibati viwili, kinauma vizuri na nati haitalegea.

Kishikio chenyewe usijaribu kukipinda. Vingi vimemiminwa, na chuma cha kumiminwa hukatika badala ya kupinda.

Sasa michirizi ya pembeni. Mkono ukishika skwiza, vidole vinagawa nguvu. Mpini unasukuma katikati tu, na ncha mbili za skwiza zinanyanyuka kidogo. Mambo mawili yanaponya hilo. La kwanza, mpira utokeze nje ya reli, lile bati linaloushika, kama milimita 3 kila upande, nao uvutwe ukaze kabla ya kubanwa kwa vibanio vya mwisho. Ukate kwa wembe mpya, mkato mmoja, ulionyooka. Usikate kwa mkasi na usiusugue kwa msasa: kazi yote inafanywa na ukingo mkali wa mpira, na msasa unaufanya mviringo. Ukingo ukichoka geuza mpira, upande wa pili bado mpya. Na mpira wa tyubu ya gari usiufikirie hata kidogo, hauna ukingo.

La pili ni kuipinda reli yenyewe kidogo sana, ncha zielekee kioo. Iweke juu ya kipande cha kioo mezani. Ncha ziguse kwanza, na katikati pabaki mwanya wa karatasi mbili za daftari. Ukisukuma katikati, reli inanyooka na mpira wote unagusa sawasawa. Tumia vidole gumba, polepole, ukipima kila mara. Reli ndefu inahitaji hilo zaidi kuliko fupi, na kwa kweli juu ya mpini sipendi reli inayozidi sentimita 45. Watu hudhani ndefu inamaliza kazi haraka. Ikiacha mchirizi unarudia dirisha zima, haraka iko wapi?

Na hapa niseme juu ya yale madirisha ya chuma ya chini. Vioo vyake ni vyembamba kuliko skwiza ya dukani, kwa hiyo mnafuta kwa mshazari na kuacha kona bila kufutwa. Nunua reli moja ya alumini, ipime kwa upana wa kioo kimoja, kata kwa msumeno wa chuma iwe pungufu kidogo, na piga tupa kwenye kingo zisikwaruze. Weka mpira ujaze upana wote. Mvuto mmoja, kioo kimekwisha. Jengo moja la zamani lina vioo mamia vya kipimo kimoja. Hiyo reli itajilipa siku ya kwanza.

Ukanda mchafu chini ya fremu ya juu unatokana na mwanzo wa mvuto. Mpini ukilala karibu na ukuta, mpira unaanza kushika kioo chini kidogo ya fremu, si penyewe. Ukiwa na shingo, sukuma kichwa juu mpaka mpira uguse fremu, tulia kidogo ushike, ndipo uvute. Baada ya mvuto wa kwanza gongesha skwiza taratibu kwenye sehemu ya chini ambayo bado ina maji, ili mpira udondoshe matone, kisha panda tena ukilalia mvuto uliopita kwa sentimita 5. Vioo vipana huwa navifuta sentimita chache za juu kwanza, kwa kulala, kutoka upande hadi upande. Ndiyo faida ya shingo yenye bawaba, na ikiwa kazi yenu itaendelea kuwa ya vioo vipana, hapo nitakubali mwende Katwe.

Unaposhuka, angalia miguu. Kichwa kikishuka kutoka mita 5 hadi mita 3 huku umesimama palepale, pembe inaongezeka, mpira unasimama wima mno na kuanza kurukaruka kwenye kioo. Ile sauti ya kukwaruza mnayoisikia sehemu za chini ndiyo hiyo. Piga hatua moja ndogo kuelekea ukutani wakati wa kuvuta. Vijana wangu wengi hujifunza shingo kwa siku moja na hatua hiyo kwa mwezi.

Vumbi letu jekundu pia lina neno lake. Kabla ya maji, pitisha brashi kavu kwenye fremu na juu ya kioo. Chembe moja ya changarawe ikikaa chini ya mpira inachora mstari kutoka juu hadi chini, na mara nyingine inakwaruza kioo cha mwenyewe. Anzeni asubuhi na ukuta wa magharibi, mchana mhamie wa mashariki, msifute kioo chenye jua. Huku kwetu karibu na ikweta kumbukeni jambo moja zaidi: mwezi wa sita jua linapita kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini unapata joto, na mwezi wa kumi na mbili ni zamu ya kusini.

Nimeacha la umeme mwishoni lakini ningekuwa mbele yako ningelianza nalo. Mpini wa wapaka rangi ni wa chuma au alumini, na unachuruzika maji. Waya unaoingia nyumbani una volti 240, ambazo zinatosha kuua. Zile za juu kwenye nguzo za mitaani ni volti 11,000 au 33,000, na hizo hazihitaji hata uziguse vizuri. Kabla ya kurefusha mpini, zunguka jengo zima ukiangalia juu. Kila dirisha ambalo mpini ukianguka unaweza kufika ndani ya mita 3 za waya, liache, mwambie mwenye jengo sababu, na lisafishwe kutoka ndani. Mwanzi nao usikudanganye. Ile mianzi ya mlima Elgon ni myepesi na haipindi ovyo, naipenda kwa kazi hii, lakini ukilowa unapitisha umeme. Mpini wa faibaglasi ndio bora kuliko yote, na huo pia uwe safi na mkavu, na mita 3 zibaki palepale. Mpini hubebwa umefupishwa na kulazwa kila unapohama dirisha. Hilo wenzako wawili nao walisikie.

SWALI: Mzee, mimi ni mtunzaji wa nyumba ya wageni Entebbe. Wadudu wa ziwani wakija wanajaa kwenye vioo vya juu, ukifuta unapata tope la kijani. Je, niweke brashi ngumu kwenye mpini? — Msomaji, Entebbe.

JIBU: Dada yangu, brashi ngumu hapana, itawaponda na kuwatandaza. Wadudu hao hawaumi, ila miili yao ina mafuta mafuta, na wakikauka juani wanaganda. Tengeneza kisafishio cha kulowesha: ubao mwepesi wa urefu wa skwiza yako, uufunge gamba la taulo nene au kitambaa cha nyuzi laini, uushone upande mmoja na kuufunga kwa vifungo upande wa pili ili utoke kwa kufuliwa. Uweke kwenye mpini wenye shingo ileile niliyomweleza ndugu wa Jinja. Loweka kioo, acha dakika chache bila kukikausha, loweka tena, ndipo usugue kwa upole na kufuta. Kifue kisafishio ndani ya ndoo ya pili, si ile ya sabuni. Wapo wanaofunga kitambaa na skwiza kwenye kichwa kimoja, mgongo kwa mgongo, wageuze mpini badala ya kubadilisha chombo. Kwa vumbi nakubali. Kwa wadudu wa ziwani sikubali, kwa sababu kitambaa kichafu kinachuruzika juu ya kioo ulichokwisha kufuta.

Na taa za nje zizime usiku wanapotoka. Mwanga ndio unaowaita ukutani.

SWALI: Tunatumia sabuni ya maji ya kupimiwa sokoni, ile ya jerikeni. Vioo vikikauka vina ukungu mweupe. Mpira wetu ni mpya na shingo tunayo. Tatizo ni maji ya kisima? — Kikundi cha vijana, Bombo.

JIBU: Vijana wangu, yaweza kuwa yote mawili, lakini anzeni na sabuni. Sabuni nyingi za kutengenezwa nyumbani huongezwa chumvi ili ziwe nzito na zionekane za thamani. Chumvi hiyo inabaki kwenye kioo maji yakikauka. Chukueni sabuni ya kuoshea vyombo iliyo ya kawaida, muweke matone machache kwenye ndoo ya lita 10, kiasi cha mpira kuteleza bila povu kupanda. Povu likiwa jingi skwiza inaacha filamu, likikosekana mpira unakwama.

Kuhusu maji, pimeni hivi: mwageni tone la maji ya kisima na tone la maji ya mvua juu ya kioo kimoja, yakauke kivulini. Kama la kisima limeacha duara jeupe na la mvua halikuacha, kingeni maji ya mvua kwenye pipa safi kwa ajili ya vioo tu, mkiachia maji ya kwanza ya bati yapite kwa sababu yana vumbi na kinyesi cha ndege. Maji ya bomba yanayotoka Ziwa Victoria hayana chokaa nyingi, kwa hiyo mkipata kazi mjini Kampala tumieni hayo. Kinyesi cha karoli, yule ndege mkubwa wa majalalani, mtakachokikuta huko kiloweni kwa kitambaa chenye maji kabla ya kukigusa kwa chochote kigumu, na muoshe mikono vizuri kabla ya kula.